Mkono Ulioshuka

Ilikuwa Jumanne, baada ya mapumziko ya asubuhi. Ubaoni nilikuwa nimebandika kadi saba: daktari, muuguzi, polisi, askari wa zimamoto, mwalimu, mpeleka barua na mzoa taka. Watoto 22 wa miaka mitano walikuwa wameketi duara sakafuni. Somo letu ni lile lile la kila mwaka, "Watu wanaotusaidia", na tulikuwa tumefika kwenye swali la kufungia: ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?

Wanne walisema daktari. Mmoja alisema rubani, ambaye hayumo hata kwenye kadi zangu, nikamkubalia. Ikafika zamu ya binti mmoja mpole ambaye mara nyingi inabidi niiname ili nimsikie. Siku hiyo sikuhitaji kuinama.

"Mimi nataka kuwa yule wa lori la taka. Anasimama nyuma, anashika chuma, lori linaenda."

Akainua mkono wa kulia juu ya kichwa na kukunja vidole, akakishika kile chuma alichokuwa akikiona yeye peke yake. Hata mwili wake ulianza kuyumba kidogo, kama mtu aliye juu ya gari linalotembea.

Wenzake wakacheka. Mvulana aliyekaa karibu naye akasema, bila ubaya wowote, kama anayetoa taarifa tu: "Mama anasema usiposoma ndio unakuwa huyo."

Binti akashusha mkono.

Nami nikasema, "Haya, nani mwingine?"

## Haya, nani mwingine

Maneno hayo matatu yamenisumbua kwa wiki tano sasa. Nimeyasikia nikioga, nimeyasikia nikisahihisha madaftari, na usiku mmoja yaliniamsha kabisa.

Kama ningemkemea yule mvulana, ningekuwa nimefanya kitu. Kama ningemwambia binti "kazi hiyo ni muhimu sana", ningekuwa nimefanya kitu, hata kama ni kidogo. Lakini nilichofanya ni kugeuza uso. Na mtoto wa miaka mitano anasoma uso wa mwalimu wake kabla hajajua kusoma herufi. Dakika kumi kabla ya hapo tulikuwa tumeimba wimbo wa kumshukuru mzoa taka, sote, kwa kupiga makofi. Mtoto mmoja akasema anataka kuwa mtu huyo tunayemshukuru, na darasa zima, pamoja na mimi, tukamwonyesha kwamba wimbo ule haukuwa wa kweli.

Siku iliyofuata walichora. Yeye alijichora akiwa na koti jeupe na kile kifaa cha kusikilizia moyo kikining'inia shingoni. Mchoro mzuri, rangi haikutoka nje ya mistari. Nilipomuuliza akajibu, "Ni mimi, daktari." Hakuniangalia.

Nimeifundisha mada hii miaka mingi na nilidhani naijua. Wiki hizi tano zimenilazimisha kuiangalia upya, na sehemu ya nilichokiona kimeniumiza.

## Kona ya maigizo

Nilianza kwa kunyamaza na kusikiliza. Kila darasa la watoto wadogo lina kona ambapo wanavaa makofia na kujifanya watu wazima, na mwalimu hutumia muda huo kupanga vitu vyake. Mimi nilikaa na daftari, nikaandika wanachosema.

Daktari wa kwanza alikuwa msichana mwenye sindano ya plastiki. Alimlaza mdoli, akamwambia kwa sauti ya ukali: "Nyamaza! Ukilia tena nakuchoma!" Polisi wa siku hiyo, wavulana wawili, walimkamata mwenzao kwa kosa la kukataa kula, wakamfungia nyuma ya kabati. Kwa siku nne nilizosikiliza, hakuna polisi aliyemtafuta mtoto aliyepotea, wala daktari aliyeuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Hawakuyapata kwangu maneno hayo. Wala hawakuyabuni. Ni yetu sisi watu wazima: usipokula nitakuitia polisi, ukisumbua daktari atakuchoma sindano. Tunayasema tukiwa tumechoka, yanafanya kazi kwa dakika tano, tunasahau. Mtoto hasahau. Tumechukua watu ambao tunataka awakimbilie siku ya shida, tukamfundisha kuwakimbia.

Nilipokuwa nikiandika haya nilimkumbuka Ali Maow Maalin. Mwaka 1977 alikuwa mpishi katika hospitali ya mji wa Merca, Somalia. Alipanda gari lililokuwa likiwapeleka wagonjwa wa ndui, akamwelekeza dereva njia, na kwa safari hiyo fupi akaambukizwa. Alipona, na akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Alikuwa anafanya kazi hospitalini, chanjo iko karibu, lakini hakuwa amechanjwa. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni za chanjo ya polio nchini kwake, akiwasimulia wazazi waliositasita yaliyompata yeye. Alifariki mwaka 2013 akiwa bado katika kazi hiyo.

Mtu mzima, mfanyakazi wa hospitali, aliikwepa chanjo kwa kuogopa sindano. Sasa mtoto ambaye kila jioni anatishiwa sindano kama adhabu tunamtaka anyooshe mkono kwa hiari.

Kwa zimamoto hatari iko karibu zaidi. Watoto wadogo moto ukizuka hujificha: chini ya kitanda, ndani ya kabati, popote wasipouona. Halafu katika moshi anaingia kiumbe mwenye uso wa kioo, mgongo wenye mtungi, na pumzi inayokoroma kwenye barakoa. Hata mtoto anayeimba wimbo wa zimamoto bila kukosea neno anaweza kujisogeza ndani zaidi ya kabati.

Kwa hiyo nilimwomba askari wa zimamoto aje, na nikamwomba asije na hotuba. Alikuja na begi. Akakaa sakafuni akiwa na shati la kawaida, akaanza kuvaa mbele yao kitu kimoja kimoja: suruali nzito, buti, koti, glavu. Kila akivaa kimoja aliwaangalia na kuuliza, "Bado ni mimi?" Wakajibu, "Bado ni wewe!" Alipovaa barakoa na kufungua hewa, ile sauti ikatoka, hhhh-khhh, na watoto watatu wakarudi nyuma hadi ukutani. Hakuivua. Alilala kifudifudi, akatambaa taratibu kama anavyotambaa ndani ya moshi, maana moshi hupanda juu na hewa ya kuvutika hubaki chini. Akasimama mbali kidogo nao, akapunga mkono. Kutoka ndani ya barakoa ikasikika, kwa shida: "Bado ni mimi?"

Mmoja wa wale watatu akanong'ona, "Bado ni wewe."

Nusu saa hiyo ilifanya kazi ambayo kadi zangu hazijawahi kuifanya.

## Nyumba za chaki

Lakini hofu ni upande mmoja tu. Upande wa pili ulinijia kwa swali la mtoto mwingine, siku hiyo hiyo, begi la askari likiwa linafungwa: "Unalipwa na nani? Na mwenye nyumba?"

Askari alicheka, akaniangalia mimi. Mimi nikagundua kwamba kwa miaka yote nimewafundisha watoto kwamba kuna watu wazuri wanaotusaidia, wanatokea tu, kama mvua. Sikuwahi kuwaambia kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga, mtu aliyekubaliana na mwenzake, na fedha iliyowekwa mahali pamoja.

Jumatatu nilichora nyumba nane za chaki sakafuni, zimebanana. Niliwasimulia kifupi. Zamani sana, Roma, kulikuwa na tajiri aitwaye Crassus ambaye nyumba ikiwaka moto alikuwa akienda kuinunua kwa bei ya chini, pamoja na zile za jirani ambazo wenyewe wameingiwa na hofu. Mwaka 6 BK mtawala Augusto akaunda vikosi saba vya walinzi wa usiku na moto, kila kikosi mitaa miwili kati ya 14 ya mji. Karne nyingi baadaye, London, mji uliokuwa umeungua vibaya mwaka 1666, kampuni za bima ziliajiri wazima moto wao na kupigilia vibao kwenye nyumba za wateja kuonyesha kwamba zina bima. Mwaka 1833 kampuni hizo ziliunganisha vikosi vyao kuwa kimoja, na mwaka 1866 kazi ikawa ya umma.

Kwa watoto nilibakiza vibao tu, na nikaikaza kanuni kuliko ilivyokuwa: hakuna kibao, hakuna maji. Nyumba tano nikazipa vibao vya karatasi, tatu nikaziacha. Wazima moto watatu wakasimama tayari na kipande cha mpira. Nikaweka kitambaa chekundu juu ya nyumba ya katikati, isiyo na kibao.

Wazima moto wakatazamana. "Hana," akasema mmoja, na wote wakatulia. Walikuwa wanafuata kanuni yangu kwa uaminifu kabisa, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kulengwa na machozi.

Aliyevunja ukimya alikuwa jirani, mwenye kibao chake safi ukutani.

"Mzimieni! Moto utaruka uje kwangu!"

"Lakini hana kibao."

"Mimi ndiye jirani yake!"

Sikuwahi kuieleza huduma ya umma vizuri namna hiyo, na nimewahi kujaribu mbele ya watu wazima. Moto hausomi vibao. Kipindupindu hakisomi. Taka za mwenzako zikiziba mtaro, maji yanaingia kwako.

Wakakubaliana kila nyumba ipewe kibao. Nikauliza: na mpira wa maji, na buti, na mishahara? Nilikuwa nimegawa vizibo vya chupa, wengine vitano, wengine viwili, na mtoto mmoja sikumpa hata kimoja. Bakuli likawekwa katikati. Zamu ya yule asiye na kizibo ilipofika kukawa na mjadala ambao natamani ningeurekodi.

"Yeye asubiri apate."

"Akisubiri, kwangu kunaungua."

Kisha msichana mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi: "Na yeye si anakaa hapa?"

Wakaamua kila mmoja aweke anachoweza, na kila mmoja azimiwe moto. Nikawaambia kwamba vizibo hivi watu wazima wanaviita kodi. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kukusanya chaki, ndipo mmoja akauliza, "Na bakuli anakaa nalo nani? Akivichukua?" Sikuwa na jibu nililoandaa. Walichagua wawili wa kuhesabu kila asubuhi, mbele ya wote, kwa sauti. Bakuli bado lipo kwenye dirisha la darasa na bado linahesabiwa.

## Mama yake

Nilikuwa nimepanga kuzungumza na mama wa yule mvulana. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kuhusu heshima ya kazi. Kwa kweli nilikuwa na hasira naye, kwa sababu ilikuwa rahisi kumpa yeye mzigo wa "usiposoma" kuliko kuubeba mimi na "nani mwingine" yangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi ni mfagiaji. Naanza saa kumi usiku. Huu mgongo unauona? Najua ninachomwambia mwanangu."

Nilikuwa sijui. Kwenye fomu ya shule, sehemu ya kazi ya mzazi, alikuwa ameandika "mfanyakazi".

Aliendelea bila kupandisha sauti. Hasemi kazi yake ni mbaya, alisema. Barabara zikiwa chafu watu wataugua, anajua. Lakini glavu ananunua mwenyewe. Akiugua, siku hiyo hailipwi. Watu wanatupa ganda mbele ya ufagio wake, mahali alipotoka kufagia sasa hivi, bila hata kumwangalia. "Nikimwambia mwanangu hii kazi ni nzuri nitakuwa namdanganya. Ninyi mnaimba wimbo, halafu mnatupitia kama nguzo."

Maneno yangu yote mazuri yaliisha pale.

Baada ya mazungumzo hayo nilirudi kusoma kuhusu Memphis, Marekani. Tarehe 1 Februari 1968 wazoa taka wawili waliingia sehemu ya nyuma ya lori kujikinga na mvua. Mashine ya kushindilia ikawaka na kuwaponda wakafa. Siku chache baadaye wenzao wapatao 1,300 waliacha kazi. Katika maandamano walibeba mabango yenye maneno machache: mimi ni mwanamume. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na aliuawa katika mji huo tarehe 4 Aprili. Tarehe 16 Aprili mgomo ulimalizika, chama chao kikatambuliwa na mishahara ikaongezwa.

Nimeyafikiria sana yale mabango. Hawakuomba kushukuriwa. Jambo walilolidai lilikuwa la chini zaidi na la msingi zaidi: kuonekana kuwa watu, kulipwa inavyostahili, na kurudi nyumbani wakiwa hai. Wimbo wangu wa asante ulikuwa umeyaruka yote hayo.

Nifanye nini na hili mbele ya watoto wa miaka mitano? Siwezi kuwafundisha mishahara. Sitawasimulia lori lililowaponda watu. Nimelala na swali hili siku nyingi, na nilichofikia ni kidogo: niache kuanza na shukrani, nianze na kazi yenyewe. Anaamka saa ngapi? Anashika nini mikononi? Nini kinaweza kumuumiza, na sisi tunahusikaje katika kuumizwa kwake? Hayo mtoto anayaelewa kabisa. Na heshima ikija baada ya hayo, itakuwa na kitu cha kusimamia.

Tuliagana kwa kushikana mikono. Kiganja chake kilikuwa kigumu chini ya vidole, pale mpini unapokaa.

## Walipaswa

Kuna swali moja nilikuwa nimelikwepa kwa miaka mingi, nalo likanipata wiki ya tatu, wakati wa kufunga viatu.

"Mwalimu, bibi aliugua usiku. Baba alipiga simu. Gari la wagonjwa halikuja."

Zamani ningejibu, "Labda walikuwa na kazi nyingi." Nimewahi kujibu hivyo, kwa mtoto mwingine, na nikajiona nimemlinda. Safari hii nilisimamisha mkono kwenye kamba ya kiatu.

"Walipaswa kuja," nikasema.

Akafikiri. "Jirani alitubeba. Bibi amepona, anakohoa tu."

Neno hilo, walipaswa, ndilo lililonifungulia tatizo zima la somo langu. Mtu anayekusaidia kwa hisani, asipokuja, huna la kusema. Alikuwa na hiari yake. Mtumishi wa umma asipokuja kuna deni limebaki. Tunapowaita wote "wasaidizi" na kuishia hapo, tunamfundisha mtoto kupokea maji, matibabu na ulinzi kama zawadi ya mkubwa, na kushukuru hata siku ambayo hakupewa. Mimi nataka aseme asante, nataka sana. Ila nataka pia akue akijua kuuliza.

Nilikuwa na wasiwasi, na bado ninao. Je, mtoto akijua kwamba gari linaweza lisije, ataacha kupiga simu? Bado lazima apige. Uhai wake unaweza kuwa kwenye simu hiyo.

Kilichonituliza ni asili ya namba ya dharura yenyewe. Novemba 1935 nyumba moja ya mtaa wa Wimpole, London, iliungua, na wanawake watano wakafa. Jirani alikuwa amejaribu kupiga simu kuita zimamoto, akabaki kwenye foleni ya simu akisubiri kuunganishwa. Aliandika barua gazetini kulalamika. Ikaundwa kamati, na tarehe 30 Juni 1937 London ikaanza kutumia 999, namba ambayo ikipigwa inampa taarifa mpokeaji kwamba hii haisubiri. Namba tunazowakaririsha watoto leo zimetokana na msaada ambao haukufika, na mtu mmoja aliyekataa kusema labda walikuwa na kazi nyingi.

Basi tukafanya mazoezi, kwa simu zisizo na laini. Nikawa mpokeaji. Unasema uko wapi, nini kimetokea, hukati mpaka uambiwe ukate. Hapo ndipo nilipogundua pengo jingine.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama."

Tisa kati ya 22 walijibu hivyo. Wanajua rangi ya gari la zimamoto, hawajui jina la mtu anayelala chumba cha pili. Tuliacha kila kitu siku hiyo, tukajifunza majina.

## Chini ya mfuniko

Nitasema kwa ufupi kuhusu wale ambao hawamo kwenye kadi kabisa. Tulizunguka uwanja wa shule kutafuta alama za watu ambao hatuwaoni. Watoto walipata mita ya maji, nguzo, waya, mtaro, na mfuniko wa chuma ulioandikwa herufi zilizofutika. Walilala wote kifudifudi kuusikiliza. Chini kulikuwa na maji yanayotembea. "Yanakwenda wapi?" Nikawaambia kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha yanakwenda, na tusipomkumbuka kamwe ina maana anaifanya vizuri.

London ya mwaka 1858 ilimkumbuka kwa kukosekana kwake: joto la kiangazi lilipochemsha uchafu wa mto Thames, uvundo ukaingia hadi bungeni, na ndipo wabunge wakaidhinisha fedha za mitaro mikuu ya maji taka iliyojengwa na mhandisi Joseph Bazalgette. Sehemu kubwa ya mitaro ile ya matofali inafanya kazi mpaka leo. Hakuna kadi ya picha ya mtu huyu kwenye seti yoyote niliyowahi kununua. Watoto walimchora wenyewe, akiwa na tochi.

## Ijumaa, saa tatu

Nilimfuata yule binti peke yake, kwenye sanduku la mchanga. Nilimwambia: "Siku ile ulisema unataka kuwa wa lori la taka, watu wakacheka, na mimi sikukujibu. Nilikosea."

Aliendelea kujaza kikombe chake mchanga. "Nilisema zamani," akajibu. Kisha, baada ya kukimwaga: "Sasa nataka kuwa daktari."

Sijui kama ni kweli amebadilika au nilimbadilisha mimi. Mtoto wa miaka mitano hubadili mipango kila wiki, najua. Siwezi kujificha nyuma ya hilo.

Ijumaa lori lilikuja saa tatu kama kawaida, na tulikuwa getini tunalisubiri, sote 22 na mimi. Nilikuwa nimeomba ruhusa mapema. Mmoja wa wazoa taka, mwenye glavu zilizochakaa kwenye vidole gumba, alishuka na kuwajibu maswali huku wenzake wakipakia. Kwa nini unapiga ubavu wa lori? Dereva hanioni, nikipiga mara moja asimame, mara mbili aondoke. Harufu haikusumbui? Asubuhi tu. Nini kinauma? Akavua glavu ya kushoto na kuonyesha kovu jeupe kwenye kiganja, refu kama kiberiti. "Glasi," akasema. "Mtu aliiweka kwenye mfuko hivi hivi. Ukiifunga kwenye gazeti nzito ukaandika juu, mimi siumii."

Yule mvulana aliuliza, "Ulisoma?" Nikashikwa na baridi.

"Nilisoma," akajibu. "Na wanangu wanasoma."

Binti hakuuliza chochote. Alikuwa amesogea hadi nyuma ya lori, anaangalia juu. Yule bwana akamwona, akagusa kile chuma, akamwonyesha jinsi ya kukishika, kidole gumba chini, vidole vinne juu, magoti yamelegezwa kidogo. Kisha akapiga ubavu wa lori mara mbili, akaparamia, wakaondoka.

Jumatatu kikombe cha maua kilianguka dirishani na kuvunjika. Nilikwenda kuchukua ufagio na kuwakataza wasisogee. Niliporudi yule binti alikuwa amesimama pembeni ya vipande, mbali kama nilivyosema, ameshika gazeti alilolitoa kwenye kona ya uchoraji, amelikunja mara mbili, na mkono wa pili ana kalamu nyekundu.

"Mwalimu," akasema, "'glasi' inaanza na herufi gani?"